Kila Machi Baba Alikuwa Anarudi Lukaya

Mama alinipigia simu saa nane usiku, mwezi Machi 2022. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu Kirumba, Mwanza, yeye kijijini kwetu upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Mvua ya radi ilikuwa inapiga pande zote mbili za maji, na ngurumo niliyoisikia dirishani niliisikia tena ndani ya simu. Akasema, "Baba yako hayupo kitandani, na mlango uko wazi."

Vijana wa jirani walimpata baada ya kama saa moja. Alikuwa amechuchumaa katikati ya matete, maji yakimfika kifuani, mahali ambapo hata mchana hatuchoti maji kwa kuogopa mamba. Walipomwita hakuitika. Walipomkaribia aliwaambia kwa sauti ya chini wazime tochi na wanyamaze. Mzee wa miaka 67 akabebwa hadi nyumbani anatetemeka, na kulipokucha hakutaka kulizungumzia jambo lile na mtu yeyote.

Naandika haya kwa sababu ilituchukua mwaka mmoja na nusu kufika mahali ambapo tungefika kwa miezi miwili. Huku Kanda ya Ziwa zipo nyumba nyingi zenye mzee aliyekwenda kwenye vita vya Kagera mwaka 1978 akarudi, akaoa, akalima, akavua, na mpaka leo usiku anaweweseka. Watoto wake wanadhani ni uzee. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kosa la kwanza tulilifanya kama ukoo. Kaka yangu mkubwa na baba zangu wadogo walikaa kikao wakaamua kwamba mzee ana jambo la kimila, kuna mizimu imekosewa. Baba akapelekwa kwa mganga huko Geita, akakaa wiki tatu. Zikaenda mbuzi wawili na shilingi 350,000, ambazo kaka alizitoa kwenye mtaji wake wa dagaa. Siwadharau waliotoa ushauri ule, walimpenda baba na walitoa walichokuwa nacho. Lakini kule baba aliachishwa vidonge vyake vya presha, na hakuna aliyefikiria kuuliza. Alirudi amekonda, presha iko juu sana, haoni vizuri jicho moja. Jicho lile halijarudi sawasawa hadi leo. Kama ukoo wako umeamua kwenda kwa mganga na huna nguvu ya kuuzuia, basi pigania jambo moja tu: dawa za hospitali zisikatishwe. Mpe mama au mjukuu anayemsindikiza, azifunge kwenye kanga, na awe na saa ya kumkumbusha.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu, na lilikula muda mrefu zaidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kichwani mwangu nilipanga hivi: baba alikuwa askari, aliumia vitani, kwa hiyo jeshi litamtibu. Kazi yangu ni kutafuta karatasi. Kuanzia Juni hadi Februari mwaka uliofuata nilitafuta karatasi. Baba alikuwa na kikadi kimoja cha mgambo, kimehifadhiwa ndani ya kopo la kahawa, kimelowa na kukauka mara nyingi hata jina limebaki nusu. Nilitoa nakala, nikaandika barua, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu mpaka nikaona aibu kuomba tena. Kila safari ilikuwa na nauli ya daladala, kivuko, bodaboda, na siku ya kazi imekwenda.

Hatimaye ofisa mmoja alinikalisha akanieleza kwa upole mambo ambayo ningepaswa kuyajua mapema. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba na kulivunja daraja la Kyaka, jeshi letu lilikuwa dogo kwa kazi iliyokuwa mbele. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita Novemba, waliitwa maelfu ya wanamgambo, JKT, polisi na magereza. Vita vilipokwisha mwaka 1979, wanamgambo wengi walirudi kwenye majembe na nyavu zao. Baba alikuwa mmoja wao. Hakuajiriwa kuwa askari wa kudumu, hivyo hana namba ya pensheni wala faili la matibabu la mstaafu. Aliyetumikia jeshi miaka yake yote hadi kustaafu ana njia yake, analipwa na Hazina, anakwenda kwenye uhakiki, anajulikana. Mwanamgambo aliyerudi kijijini anasimama kwenye foleni moja na raia wengine.

Nilitoka pale nimevunjika moyo kabisa. Wiki hiyohiyo akajitokeza mtu aliyesikia habari zangu, akadai kuna fomu za "fidia ya vita vya Kagera", na kwamba nikitoa 200,000 jina la baba litaingizwa. Nilitoa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu aniambie ndiyo. Simu yake haikupatikana tena. Ukiambiwa kuna orodha ya malipo ya wapiganaji wa zamani inayofungwa kesho, usitoe hata senti. Nenda kwa mtendaji wako wa kijiji au ofisi ya wilaya ukaulize bila haraka. Hawa watu wanajua kwamba familia za wazee hawa zina kiu ya kutambuliwa, na ndiyo kiu wanayoiuza.

Machi 2023 ikafika, radi zikaanza. Usiku mmoja baba alimpiga mama akiwa usingizini, akamvunja jino. Alipozinduka akalia. Sijawahi kumwona baba yangu akilia kabla ya hapo, hata kwenye msiba wa bibi.

Hapo nikaacha kumtafutia tiba askari wa kwenye karatasi, nikaanza kumtafutia mzee aliyekuwa mbele yangu. Na njia zilikuwepo muda wote. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Haiulizi kama ulikwenda vitani. Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji na picha mbili ndogo na kitambulisho cha NIDA, na baada ya wiki mbili baba alikuwa na kadi yake ya wazee kutoka halmashauri. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, mahali pameandikwa "Mzee Kwanza" au maneno kama hayo. Usikae kwenye foleni kubwa kwa kuona aibu ya kuuliza. Sisi tulikaa saa nne siku ya kwanza, na dirisha la wazee lilikuwa nyuma ya nguzo.

Niwe mkweli kuhusu kadi ile. Kumwona daktari kulikuwa bure. Dawa, mara nyingi, tuliambiwa hazipo, tukanunua nje. Siku ambayo dirisha linakuandikia "dawa hazipo", muulize mfamasia kama kuna mbadala uliopo stoo, na usiondoke bila kumwona ofisa ustawi wa jamii. Yule dada wa ustawi wa jamii ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kwa mwaka mzima: "Mwalimu, wewe mwenyewe una bima?"

Ninayo. Nakatwa kila mwezi tangu nilipoajiriwa. Kadi yangu ya NHIF inaruhusu mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wanahesabiwa humo. Mimi nilikuwa nimeandikisha watoto wangu wawili tu. Nafasi mbili zilikuwa wazi, za baba na za mama, huku nikizunguka na kopo la kahawa. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Kama wewe ni mtumishi na una mzazi, tazama kadi yako leo.

Kumwandikisha kulihitaji cheti changu cha kuzaliwa chenye jina la baba. Na hapo kuna mtego wa huku kwetu: cheti changu kina jina lake la Kisukuma kama bibi alivyolitamka, NIDA yake ina jina la ubatizo mbele na herufi mbili zimebadilika. Kiapo kwa wakili kilinigharimu 20,000 na wiki sita za kwenda na kurudi. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujapeleka chochote, kwa sababu utakaporudishwa mara ya tatu utaona kama unafukuzwa, wakati shida ni "b" na "bh".

Sasa tatizo likawa baba mwenyewe. Neno "afya ya akili" lilimfanya anyanyuke kwenye kiti. "Mimi si mwehu," alisema, na hakulirudia, kwa baba jambo likisemwa mara moja limesemwa. Kilichotufungulia mlango ni masikio. Baba hasikii vizuri sikio la kushoto, na kwa miaka yote ana mlio ambao anasema ni kama nyenje wa jioni asiyenyamaza. Hakuna aibu katika kutibiwa masikio. Akakubali kwenda hospitali ya Bugando.

Kliniki ya masikio wakamvalisha vile vifaa vya kupimia, na yule mpimaji, kijana mpole, akamuuliza kwa kumwandikia kwenye karatasi: umewahi kuwa karibu na milipuko? Baba akaitazama karatasi muda mrefu. Akasema neno moja, "Lukaya." Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Miaka 40 ya maisha yangu, na nilikuwa silijui jina hilo.

Kwa sababu ya maumivu ya kichwa yaliyokuwa yanamsumbua aliandikiwa MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Siku ya kipimo tulipewa fomu yenye maswali mengi. Baba hakusikia alipoulizwa, basi nikajibu mimi, haraka haraka, kama ninavyojaza fomu za wanafunzi. Kifaa cha moyo, hapana. Chuma mwilini, hapana. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu chake cha chakula. Akasema, bila hata kuinua sauti, "Ana vyuma kwenye nyonga. Hujui? Mvua ikikaribia anaikuna."

Mashine ya MRI ni sumaku kubwa sana. Kipande cha chuma kilichobaki mwilini kinaweza kusogea au kupata joto, na kikiwa karibu na jicho, uti wa mgongo au mshipa mkubwa wa damu, madhara yanaweza kuwa makubwa. Wahudumu walisimamisha kila kitu. Wakampiga eksirei, na pale kwenye nyonga vikaonekana vipande vitano vidogo, vyeupe, kama mbegu za ufuta zilizomwagika. Akapelekwa CT badala yake, ambayo haitumii sumaku. Ule mkono wangu ulioandika "hapana" ulitetemeka hadi jioni. Tangu hapo baba anatembea na kikaratasi kilichowekwa plastiki ndani ya pochi, kimeandikwa: nina vipande vya chuma nyonga ya kulia tangu 1979. Mwandikie mzee wako kikaratasi kama hicho. Aliyepigana anaweza kuwa na chuma ambacho hata yeye amekizoea mpaka amekisahau.

Siku ile, kwenye korido, nilimuuliza mama kwa nini hakuwahi kusema. Akasema hakuna aliyemuuliza. Halafu akaanza kuongea, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Mama alikuwa na kalenda yake. Walioana mwaka 1981. Machi ya kwanza ya ndoa yao baba aliamka usiku akaishika fimbo, akasimama nyuma ya mlango hadi asubuhi. Mama alidhani kuna wezi. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo. Mwaka wa tatu akajua kwamba ni mwezi, si wezi. Kuanzia hapo, kila Februari inapokwisha, alikuwa anaondoa panga na mashoka chumbani na kuyapeleka jikoni, chini ya magunia ya mihogo, bila kusema neno. Alikuwa analala upande wa mlangoni. Alikuwa anatuhamishia sisi watoto kwa bibi "kwenda kusaidia kupalilia", na mimi nilikuwa naipenda Machi kwa sababu hiyo, kwa sababu ya uji wa bibi. Kwa miaka zaidi ya 40 mama alilinda nyumba ile zamu ya usiku, peke yake, na hakuna aliyempa hata pole.

Alituhadithia habari za vita, ndiyo, lakini zile za kwake. Machi 1979 alikuwa binti hapa Mwanza, na anakumbuka ndege ya Walibya, waliokuwa wanamsaidia Amin, iliyokuja kuupiga mji, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Tulikulia kwenye hadithi hiyo. Hatukuwahi kujiuliza kwamba mwezi huohuo baba alikuwa wapi.

Nasema hivi kwa wote wenye mzee wa namna hii: kabla ya ofisi yoyote, kaa na mama. Muulize ni mwezi gani, ni saa ngapi, ni sauti gani inayomwamsha, analala upande gani wa kitanda na kwa nini. Uandike. Daktari wa akili alipokuja kutuona, daftari lile la maneno ya mama lilimsaidia kuliko vipimo vyote nilivyokuwa nimevibeba kwenye bahasha.

Kwa daktari huyo tulifika Septemba 2023, kwa rufaa kutoka kliniki ya masikio. Alimweleza baba kwamba mlio wa sikio na kukosa usingizi vinatibiwa pamoja, jambo ambalo ni kweli, na baba akaingia chumbani kwa miguu yake. Hakumdanganya, na namshukuru kwa hilo. Kisha akatueleza sote watatu. Ugonjwa unaitwa msongo wa baada ya kiwewe. Mwili uliowahi kuokoka kifo hubaki umeweka lindo. Sauti, harufu au majira yanayofanana na siku ile yanauamsha kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza mwaka gani huu. Radi za usiku kwenye ziwa hili, matope, vyura, matete, mwezi Machi: baba alikuwa amekuja kujenga nyumba yake katikati ya vitu vilevile. Mama akauliza, "Kwa hiyo si mashetani?" Daktari akasema si mashetani, na si ubishi wa uzee, na si kosa lako mama. Mama akajifunika uso kwa kitenge.

Alipewa dawa, na akapangiwa kuonana na mshauri mara mbili kwa mwezi. Tuliambiwa wazi kwamba dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, na kwamba zisikatishwe ghafla hata akijisikia mzima. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Mwezi wa pili mama alinipigia simu asubuhi, hana habari yoyote, anataka tu kunijulisha kwamba baba amelala mpaka saa moja na jua limemkuta kitandani.

Januari 2024 tukakatisha. Ada za shule, nauli, foleni ya kivuko iliyokuwa inatula saa mbili kabla ya kuvuka, na baba mwenyewe anasema amepona. Tukajiambia tutarudi Aprili. Machi ikatukuta bila dawa, na ilikuwa mbaya kuliko zote. Alirudi kwenye matete mara mbili. Daktari hakutugombeza. Aliandika upya, akatupangia dawa za miezi miwili kwa mkupuo na kumruhusu mshauri azungumze naye kwa simu baadhi ya siku. Ningejua kwamba hilo linawezekana, ningeliomba mapema. Omba. Sema wazi kwamba nauli imekushinda. Nilikuwa nimeificha shida ya nauli kwa sababu mimi ni mwalimu na nilitaka nionekane naweza.

Shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, lilikuwa jambo jingine la fedha, tulilinunua la sikio moja kwa 650,000 kutoka kwenye kikoba changu, na nimelilipa kwa miezi kumi. Halimsaidii sana kwenye kelele za watu wengi. Lakini anamsikia mama, na mama anasema hilo linatosha.

Sajini tulikutana naye Aprili mwaka huo, kwenye benchi la dirisha la wazee huko Sengerema. Mzee mrefu, mstaafu wa jeshi, naye ana shimesikio. Aliona jinsi baba alivyoshtuka mlango wa chuma ulipogongwa. Akamsogelea akamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Baba akasema, "Lukaya." Sajini akasema, "Mia mbili na moja?" Baba akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo hiyo tu, Brigedi ya 201. Waliongea hadi jina la baba likaitwa mara tatu na hakuna aliyelisikia kati yao.

Sajini ana kundi la wazee linalokaa kila Jumamosi jioni nyumbani kwake, nje, wakiota moto. Wako kumi na mmoja. Baadhi ni wastaafu kamili, wengi ni wanamgambo kama baba, mmoja alitoka magereza, na wapo wajane wawili wa wenzao waliokwisha kufa. Mtu aliyekulia Usukumani akiuona ule moto anaukumbuka shikome, pale wazee walipokuwa wanakaa na vijana jioni. Wanachanga 3,000 kwa mwezi. Mchango huo hulipa bajaji ya kwenda kliniki, kwa hiyo wanaomba tarehe zao zipangwe siku moja wakatoka pamoja. Mjukuu wa sajini anasoma maelekezo ya dawa na kuyaandika kwa herufi kubwa. Asiyefika Jumamosi mbili anatembelewa. Wale wajane ndio waliomchukua mama, wakawa wanakaa naye pembeni, na sijui huzungumza nini, ila mama anarudi nyumbani anaimba.

Wanaitana afande wote, hata mgambo aliyekaa jeshini miezi kumi. Mara ya kwanza sajini alipomwita baba afande, niliona baba anavyonyoosha mgongo.

Baba alituruhusu tujue yaliyotokea, na ameniruhusu niandike. Machi 10, 1979, kikosi chao kilikuwa kimefika Lukaya, kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi kati ya Masaka na Kampala. Jioni makombora ya Walibya yakawaangukia. Wengi wao walikuwa wanamgambo, wana mafunzo ya wiki chache, hawajawahi kusikia kitu kama kile. Wakakimbia, wakaingia kwenye kinamasi. Baba alikuwa ameshika mkanda wa mwenzake, kijana waliyepanda naye meli kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Mkanda ukaponyoka. Alikaa kwenye maji usiku kucha, akisikia watu na hajui ni wa upande gani. Yule mwenzake hakumwona tena.

Alibeba neno "nilikimbia" kwa miaka 45. Siku alipolisema kwenye moto, sajini alimwacha amalize, kisha akamuuliza nyonga iliumia lini. Baba akasema tarehe 11. Sajini akamwambia, "Basi ulirudi." Kikosi kilijikusanya usiku ule, na tarehe 11 kikarudi kupigana hadi Lukaya ikachukuliwa. Baba alikuwamo. Alijua alikuwamo, chuma anacho mwilini. Alikuwa anauhesabu usiku tu.

Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na kilomita tatu zile tunazivuka kwa dakika chache. Kliniki tunakwenda asubuhi na mama anarudi kupika chakula cha mchana. Kundi linachanga nauli ya kwenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Bado haijatimia. Baba anataka kusoma majina, akiwa na miwani yake mipya.

Nimalizie na Machi iliyopita. Nilikwenda kulala kijijini wiki nzima, nilikuwa na hofu. Usiku wa tatu ikaja radi moja iliyotikisa mabati. Nikamsikia baba anashuka kitandani, nikasimama mlangoni kwangu, sipumui. Hakwenda mlangoni. Aliwasha taa, akatafuta simu, akabonyeza. Ilikuwa saa tisa usiku. Sajini alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, akasema, "Nipo, afande. Hata huku inapiga."